Chozi na Sauti: Uso wa Mwimbaji katika Video Mbili za Nyimbo

Wanafunzi wetu wa fasihi simulizi hufunzwa mapema kwamba wimbo haukamiliki katika maneno yake. Una fanani, una hadhira, una mahali na wakati wa kutendwa. Na mhakiki anayeyachambua maneno peke yake amefanana na mtu anayeieleza ngoma kwa kuipima ngozi iliyowambwa. Hata hivyo wanafunzi hao hao, wanapoketi kuandika insha zao, hukatazwa jambo moja: kusema walivyoguswa. Huambiwa kwamba "nilisisimka" si hoja. Makala haya yanakusudia kuitetea kauli hiyo. Hatudai kuwa ndiyo mwisho wa uhakiki, bali kwamba ni ushahidi, na ushahidi hauna budi kuhojiwa kabla ya kutupwa. Tutafanya hivyo kwa kuziangalia video mbili za nyimbo ambazo mwandishi amezipenda kwa miaka mingi na ambazo hajaweza kuzitazama kwa utulivu: "Nothing Compares 2 U" ya Sinéad O'Connor (1990) na "Hurt" ya Johnny Cash (2003).

Msomaji ana haki ya kuuliza mbona tumevuka bahari ilhali nyumbani kuna taarabu, kuna benga na kuna nyimbo za injili zisizo na idadi. Jibu letu ni kwamba katika nyimbo hizi mbili mtunzi na mwimbaji ni watu wawili tofauti, wote wakijulikana, na kwa hivyo twaweza kuona kwa macho kile ambacho aghalabu hutubidi kukikisia: ni nini hutokea maneno yale yale yanapohamia katika mwili mwingine. Wala jambo lenyewe si geni kwetu. "Malaika", wimbo ambao utunzi wake umebishaniwa kwa miaka mingi, wengine wakimpa Fadhili William na wengine Adam Salim, msemaji wake ni kijana wa kiume aliyekosa mali ya kuolea. Miriam Makeba alipouimba hakuyageuza maneno yamfae mwanamke. Msikilizaji akasikia sauti ya kike ikilalamikia ufukara wa mwanamume, na malalamiko yakapata mkunjo wa pili: je, huyu ni kijana anayeomba radhi, au ni malaika mwenyewe anayeukariri udhuru aliopewa? Wengi wetu tuliusikia wimbo huo redioni, bila picha yoyote. Kila mmoja alijichorea malaika wake, na hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake kwamba amekosea.

Picha ilipoingia, uhuru huo ulipungua. Mfano unaojulikana zaidi ni "Thriller" ya Michael Jackson, iliyoelekezwa na John Landis mwaka 1983, video ya karibu dakika 14, yaani ndefu kuliko wimbo wenyewe maradufu. Ni kazi ya ustadi mkubwa, hasa mpangilio wa densi yake, na hatuna nia ya kuibeza. Lakini tangu tuione, wimbo huo hausikiki tena bila makaburi na maiti wanaocheza. Picha imeyatafsiri maneno na tafsiri imekuwa sheria. Video nyingi zilizofuata, za kwao na za kwetu, zimeshika njia hiyo bila ustadi huo: wimbo ukitaja mvua, mvua inanyesha, ukitaja machozi, mtu anajifuta macho kwa leso. Hadhira haikuachiwa kazi. Nikizitazama huburudika kwa dakika chache, kisha nazisahau, na kusahau huko nako ni ushahidi.

Video ya O'Connor haitafsiri chochote. Wimbo ulitungwa na Prince kwa ajili ya kundi la The Family, lililoutoa mwaka 1985 bila kuvuma sana. Ni wimbo wa mpenzi aliyeachwa, anayehesabu siku na kujisingizia kwamba sasa yu huru. Mwelekezi, John Maybury, alimweka mwimbaji huyo wa Ayalandi mbele ya pazia jeusi akiwa amevaa nguo nyeusi, nywele zimenyolewa, hivi kwamba kilichobaki kwenye kioo cha runinga ni uso mtupu unaoelea gizani. Kwa sehemu kubwa ya video hakuna kingine. Uso huo unatutazama sisi. Unakasirika, unadharau, unabembeleza, kisha unakasirika tena, na yote haya kwa mabadiliko madogo ya nyusi na midomo ambayo katika jukwaa la kawaida hayangeonekana na mtu wa safu ya tatu. Kuna vipande vingine vinavyomwonyesha akitembea katika bustani ya Saint-Cloud, Paris, kati ya sanamu na miti isiyo na majani. Kwa maoni yetu hivi ndivyo udhaifu wa video. Kamera inapouacha uso, wimbo unageuka kadi ya posta.

Karibu na mwisho kuna ubeti unaotaja maua yaliyopandwa nyuma ya nyumba na yaliyokufa mpandaji alipoondoka. Katika ubeti huo anayeachwa anamwita mpenzi wake "mama". Kwa Prince hili ni neno la mtaani la Kimarekani, la mapenzi na utani, halina uzito zaidi ya "kipenzi". Lakini O'Connor alikuwa amefiwa na mamake mzazi mwaka 1985 katika ajali ya gari, naye alieleza baadaye, katika mahojiano na katika kitabu chake cha kumbukumbu kilichotoka mwaka 2021, kwamba alipofika hapo alimkumbuka mama huyo, na matone mawili ya machozi yakamteremka mashavuni bila kupangwa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana utata wa neno hili. Sisi humwita "mama" mzazi, mke, mpita njia, hata binti mdogo tunayembembeleza, na muktadha ndio huamua. Hapa muktadha ulibadilika ndani ya kinywa cha mwimbaji. Neno la utani lilirudi kwenye maana yake ya kwanza, na wimbo mzima, kuanzia ubeti wa kwanza wa kuhesabu siku, ukageuka kuwa wimbo wa yatima. Hakuna silabi iliyoongezwa wala kupunguzwa.

Niliitazama video hiyo kwa mara ya kwanza bila kujua lolote kuhusu mama wa mwimbaji, na nikasisimka papo hapo, mahali pale pale. Hili lahitaji kuelezwa, kwa kuwa wapo watakaosema kwamba tunaisoma tawasifu badala ya kuisoma kazi. Sikuwa na tawasifu. Nilichokuwa nacho ni hitilafu ndogo ambayo jicho liliiona kabla akili haijaitaja. Katika video za aina hii mwimbaji hutikisa midomo akiifuata sauti iliyokwisha kurekodiwa siku nyingine, studioni. Kwa hivyo uso unapolia, sauti hailii. Inaendelea kupanda kwa nguvu ile ile, safi, pasipo kukwama kooni. Katika utendaji wa ana kwa ana jambo hili haliwezekani: muombolezaji akibubujikwa na machozi, sauti hukatika, na hadhira humpokea kwa vigelegele au kwa kilio chao. Hapa tunamwona mtu mmoja akiwa mahali pawili pa wakati mmoja wa wimbo; koo lake liko juzi na macho yake yako leo. Pengo hilo kati ya chozi na sauti ndilo lililonisisimua, na halimo katika maneno ya Prince wala katika santuri.

Lakini chozi hili liliuzwa. Hoja hii haipaswi kukwepwa, maana video ya wimbo ni tangazo la biashara: kampuni ya santuri huigharamia ili santuri inunuliwe. Machozi yale yalipita katika chumba cha uhariri, mtu akaamua yabaki, na yakarudiwa kwenye runinga za dunia nzima hadi wimbo ukawa wa kwanza katika chati za nchi nyingi, na video ikatunukiwa na kituo cha MTV mwaka huo huo kuwa video bora ya mwaka. Je, chozi linaloonyeshwa mara elfu moja lingali chozi? Wenzetu wenye msimamo mkali wamesema la. Mimi naona swali hili linahitaji kuulizwa kwa njia nyingine, na njia hiyo imo katika taarabu.

Katika hafla ya taarabu mwimbaji aghalabu husimama au huketi kwa utulivu mkubwa. Uso wake hautoi siri. Anayesogea ni hadhira: mwanamke huinuka kitini, hujongea kwa madaha, hutuza ubeti unaomhusu, na watu wote hujua, au hudhani wanajua, ubeti huo umemwendea nani. Noti ile mkononi si malipo tu. Ni tamko la mbele ya watu kwamba "haya ni maneno yangu". Biashara na ukweli wa moyo vimo ndani ya kitendo kimoja, na hakuna anayeona kimoja kimekibatilisha kingine. Video imevunja mzunguko huu. Mwimbaji ametoa chozi na hadhira haina pa kutuzia. Kununua kanda si kutuza, kwa sababu kanda hununuliwa dukani, kimya kimya, na mwimbaji hajui ni ubeti gani uliokuinua kitini. Ninaposema katika insha kwamba nilisisimka hapa na si pale, nafanya kazi ya yule mwanamke aliyeinuka. Nautaja ubeti wangu hadharani, na wengine wanaweza kunibishia.

"Hurt" yaturudisha kwenye suala la mwili mpya, kwa uzito zaidi. Trent Reznor wa kundi la Nine Inch Nails aliutoa wimbo huu mwaka 1994, akiwa hajatimiza miaka 30. Ni maneno ya kijana anayejiumiza ili apate kuhisi jambo lolote. Johnny Cash aliurekodi katika albamu iliyotoka Novemba 2002, iliyosimamiwa na Rick Rubin, akiwa na miaka 70 na maradhi yamemwishia mwilini. Alibadilisha neno moja la matusi, akatia miiba mahali pake, na badiliko hilo dogo likaupa wimbo sura ya Kikristo ambayo haukuwa nayo. Lakini badiliko kubwa zaidi halikuhitaji kalamu. Sindano inayotajwa mwanzoni, ambayo kwa Reznor ni ya dawa za kulevya, katika mkono wa mzee huyu inaweza kuwa ya hospitali vile vile, na kwa kuwa Cash naye aliwahi kuwa mtumwa wa vidonge miaka yake ya ujana, maana mbili zinakaa pamoja bila kugombana. Reznor amekiri hadharani kwamba baada ya kuiona video aliuhisi wimbo umekwisha kutoka mikononi mwake.

Mwelekezi Mark Romanek alipiga picha nyumbani kwa Cash, Hendersonville katika jimbo la Tennessee, na katika jumba la makumbusho la mwimbaji huyo, ambalo lilikuwa limefungwa na kuchakaa. Kati ya picha hizo ameingiza vipande vya filamu za zamani: Cash kijana, mrefu, mwenye kiburi cha afya. Mzee ameketi mbele ya meza iliyosheheni vyakula asivyokula. Kisha anainua bilauri na kumimina divai juu ya meza, mkono ukimtetemeka. Sijui msomaji wa Tennessee huona nini hapo. Yamkini huona karamu iliyoharibika, au Karamu ya Mwisho. Mimi niliona tambiko. Niliona mzee akiwamwagia waliotangulia sehemu yao, kama walivyofanya wazee wa jamii zetu nyingi kabla ya kuonja, na aliyetangulia katika video hii ni yeye mwenyewe, kijana yule wa filamu za zamani ambaye hayupo tena. Sidai kwamba Romanek alikusudia hivyo. Nadai kwamba picha inaubeba usomaji huo bila kulazimishwa, kwa kuwa mara tu baada ya divai kumwagika vipande vya ujana huongezeka kasi, kana kwamba wameitwa.

Kasi hiyo, hata hivyo, ndipo ninapotofautiana na wasifu wengi wa video hii. Kuelekea kilele tunaonyeshwa, kwa kufumba na kufumbua, kusulubiwa kwa Kristo, picha zilizotoka katika filamu ya Cash mwenyewe ya mwaka 1973 kuhusu maisha ya Yesu. Miiba ilikuwa imekwisha kutajwa. Kuichora ni kurudi kwenye kosa lile la mvua kunyesha kwa sababu wimbo umetaja mvua, na uso wa mzee, uliokuwa ukibeba kila kitu peke yake, unaachwa usaidiwe na msalaba ambao haukuomba.

Kinachoiokoa ni June Carter, mkewe. Anatokea kwa muda mfupi sana, amesimama kwenye ngazi, anamtazama mumewe. Haimbi, ingawa alikuwa mwimbaji tangu utoto. Ndiye hadhira pekee aliyemo ndani ya video, na uso wake una yale tunayohisi sisi: huruma, hofu, na hesabu ya siku zilizobaki. Video ilipoanza kuonyeshwa mapema mwaka 2003, kila mtazamaji aliielewa hivyo, kwamba mke anamtazama mume anayekufa. Yeye ndiye aliyetangulia, tarehe 15 Mei 2003. Cash alifuata tarehe 12 Septemba. Tangu hapo tukifika kwenye ngazi zile hatujui tena nani anamuaga nani. Wimbo unaendelea, mzee anafika mwisho, anafunga kifuniko cha piano na kukipapasa polepole kwa mikono yote miwili.