Jimny Fupi Inyanyuliwe Kiasi Gani?

Januari 2023 Suzuki walizindua nchini India Jimny ya milango mitano. Chini ya bodi hawakubadilisha mengi: chesisi ya ngazi ile ile, ekseli nzima mbele na nyuma, springi za koili, tairi za 195/80R15, na nafasi ya milimita 210 kutoka ardhini, sawa na Jimny ya milango mitatu iliyotoka Japani mwaka 2018. Kilichobadilika ni urefu. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma uliongezeka kutoka milimita 2,250 hadi 2,590. Tumepata basi magari mawili yanayolingana karibu kila kitu isipokuwa kipimo kimoja, na anayetaka kujua ufupi una faida gani porini hana haja ya kubahatisha. Takwimu za kiwanda zinatosha.

Takwimu ya kuangalia ni pembe ya tumbo, yaani ukali wa tuta ambalo gari linaweza kulivuka bila tumbo lake kukwama juu. Jimny ya milango mitatu ina nyuzi 28. Ya milango mitano ina nyuzi 24. Milimita 340 za urefu zimekula nyuzi 4.

Tuigeuze hesabu hiyo. Ukitaka ile ndefu irudi kwenye nyuzi 28, tumbo lake inabidi lipande kwa milimita 45 hivi. Hiyo ni karibu inchi mbili, kipimo ambacho watu wengi hukiagiza wanapoenda kununua springi ndefu. Kwa maneno mengine, mwenye Jimny fupi amekabidhiwa na kiwanda faida ya inchi mbili kabla hata hajafungua boliti moja. Huu ndio msingi wa uchambuzi huu: gari fupi linahitaji kunyanyuliwa kidogo kuliko walio nalo wanavyoamini, na kila milimita inayoongezwa linailipia ghali kuliko gari refu.

Kinachopanda na kisichopanda

Ukilala chini ya Jimny utaona sehemu iliyo karibu zaidi na ardhi: lile bonge la difu kwenye ekseli. Ekseli imeshikwa na magurudumu. Springi ziko juu yake. Ukiweka springi ndefu, chesisi, injini, milango na abiria hupanda. Difu hubaki pale pale ilipokuwa. Milimita 210 hubaki 210. Kwenye udongo mweusi wa mbugani wakati wa masika, au kwenye njia ya malori iliyoacha mifereji miwili na mgongo katikati, difu ndiyo inayolima tope, na springi haziwezi kuisaidia.

Kinachoinua difu ni tairi peke yake. Tairi ya kiwanda, 195/80R15, ina kipenyo cha milimita 693. Ya 215/75R15 ina milimita 704 hivi, na ya 235/75R15 inafika karibu 734. Kwa kuwa nusu tu ya ongezeko iko chini ya ekseli, tairi ya kwanza inaipa difu milimita 5 na ya pili inaipa 20. Milimita 20 si haba pale jiwe linapopita kwa kubahatika, ila zina gharama. Jimny hii ina injini ya lita 1.5 yenye nguvumzunguko ya Nm 130. Tairi ya 235 ni kubwa kwa karibu asilimia 6, kwa hiyo gia zote zinakuwa nzito kwa kiasi hicho hicho, na kipima mwendo kikisoma 100 gari liko kwenye 106. Mlima uliokuwa unapandwa kwa gia ya tatu utaanza kudai ya pili.

Tairi ya 215 kwa kawaida inaingia bila kunyanyua gari. Ya 235 inahitaji nafasi zaidi, na mara nyingi bampa na plastiki za ndani ya madigadi hukatwa ili usukani ukunje hadi mwisho. Kwa hiyo amua tairi kwanza. Urefu wa springi ufuate tairi, usitangulie.

Gharama ya kila milimita

Ekseli za Jimny zimeshikwa kwa mpangilio ule ule mbele na nyuma: mikono miwili inayozuia ekseli kwenda mbele na nyuma, na rodi moja ya mlalo, rodi ya Panhard, inayoizuia isiende kushoto na kulia. Ni mpangilio imara na rahisi kukarabati. Lakini kila kiungo kimewekewa urefu mmoja tu wa gari, na ukiubadilisha, viungo vyote hubadili pembe kwa pamoja.

Anza na mikono ya mbele. Mkono umefungwa kwenye ekseli kwa namna ambayo ukiinama, ekseli nayo inazunguka. Tuchukue mkono wa milimita 700 kwa ajili ya hesabu: ukinyanyua chesisi milimita 50, mkono unainama nyuzi 4 zaidi na ekseli inazunguka nyuzi hizo hizo kuelekea mbele. Hapo kasta inapungua, yaani ule mlalo wa kingpini unaofanya usukani urudi wenyewe baada ya kona. Dereva anaigundua barabarani, si porini: kwenye lami, kwa kasi ya 80, usukani unakuwa mwepesi mno, gari linatangatanga, na likipiga shimo magurudumu ya mbele yanaweza kuanza kutetema kwa nguvu hadi upunguze mwendo. Mwenye gari hubadilisha beringi za kingpini, hupiga balansi tairi, hununua shokapu ya usukani, na mtetemo hurudi, kwa sababu chanzo chake ni pembe.

Dawa ya kawaida ni bushi zenye tundu lililosogezwa kando, ambazo huirudisha ekseli nyuma kwa nyuzi kadhaa. Hapa ndipo mtu anayeuza seti ya vifaa vya kunyanyulia asiposema yote, mnunuzi hupotea. Ekseli ya mbele ikirudishwa nyuma ili kasta ipatikane, pua ya difu inashuka, na propela ya mbele inazidi kukunjika kwenye krosi yake. Unachokirekebisha kwenye usukani unakilipia kwenye propela. Kwa milimita 30 au 40 malipo hayo ni madogo na krosi zinavumilia. Kwa milimita 75 utaanza kusikia mtetemo ukitia gari kwenye nne-kwa-nne, na krosi hazitamaliza muda wake.

Ufupi unaongeza tatizo. Transfa ya Jimny, yaani giaboksi inayogawa nguvu mbele na nyuma, iko katikati ya chesisi, na propela zinatoka pale kwenda mbele na nyuma. Gari likiwa fupi, propela nazo ni fupi. Propela ya milimita 600 ekseli ikishuka milimita 50 inakunjika karibu nyuzi 5. Ya milimita 1,200 inakunjika nusu ya hapo. Ndiyo maana seti ya inchi mbili ambayo jirani ameifunga kwenye gari lake refu bila matatizo si ushahidi kwamba itafaa kwenye Jimny.

Rodi ya Panhard nayo inasogea. Kadiri inavyoinama ndivyo inavyoivuta ekseli upande mmoja. Kwa milimita 50 mvuto huo ni wa milimita chache tu, lakini zinatosha kufanya tairi moja itokeze nje ya madigadi kuliko mwenzake na usukani ukae mshazari. Rodi inayorekebishika urefu inamaliza jambo hili. Hozi za breki pia zikaguliwe ekseli ikining'inia hadi mwisho: hozi iliyokakamaa kama uzi wa gitaa itakatika siku ambayo gurudumu litashuka shimoni ghafla.

Kisha kuna utulivu wa gari lenyewe. Upana wa Jimny kati ya tairi ya kushoto na ya kulia ni kama milimita 1,400. Tukikadiria kitovu cha uzito kiko milimita 650 juu ya ardhi, gari lililosimama linapinduka likifika nyuzi 47. Kipandishe kitovu milimita 50, zinabaki 45. Nyuzi 2 zinaonekana kidogo kwenye karatasi. Porini, springi za upande wa chini zimebonyea, tairi ya upande wa juu imekanyaga jiwe, juu ya paa kuna keria yenye tairi ya akiba na madumu ya maji, na nyuzi hizo 2 ndizo zilizokuwa zimebaki. Kwenye mteremko mkali ufupi unazidisha mambo: uzito unahama haraka kutoka ekseli moja hadi nyingine, na upande ulioachwa mwepesi unapoteza mshiko.

Springi ni kwa ajili ya uzito

Jimny ni gari jepesi, lina kama kilo 1,100 likiwa tupu, na uzito wa juu unaoruhusiwa ni kilo 1,435. Bampa la chuma na winchi vinaweza kula kilo 80 kabla abiria hajapanda. Springi zilizotengenezwa kubeba mzigo huo zikifungwa kwenye gari lisilo nao, pua inapanda kupita kipimo kilichoandikwa kwenye boksi, gari linakuwa gumu, na kwenye barabara ya changarawe yenye makunyanzi tairi zinarukaruka badala ya kushika. Kabla ya kununua, andika kila kitu kitakachokaa ndani ya gari siku za kawaida, si siku moja ya safari kubwa ya mwaka.

Shokapu zibadilishwe pamoja na springi. Ekseli ya Jimny ikining'inia, shokapu ndiyo inayoamua itashuka hadi wapi. Ukipandisha chesisi milimita 50 ukaacha shokapu za kiwanda, umeziondolea milimita 50 za kushuka. Gari linaonekana refu likiwa limesimama, lakini likifika penye mtaro wa mshazari gurudumu linaachia ardhi mapema kuliko lilivyokuwa kabla hujatumia fedha.

Kabla ya kulipa

Lala chini ya gari lako baada ya msimu wa kutembea porini, na tochi mkononi, usome mikwaruzo. Ikiwa iko kwenye difu, tafuta tairi. Ikiwa iko kwenye chesisi katikati na kwenye sahani ya transfa, springi zina kazi ya kufanya. Ikiwa iko kwenye bampa la mbele, bampa fupi litakusaidia kuliko inchi yoyote. Ikiwa huoni mkwaruzo, weka fedha yako.

Kwa Jimny ya milango mitatu inayobeba watu wawili na vifaa vya safari, hukumu yangu ni hii: tairi za 215/75R15, springi za kunyanyua milimita 30 hadi 40 zilizochaguliwa kwa uzito halisi, shokapu za urefu unaolingana, bushi za kurekebisha kasta, na rodi ya Panhard inayorekebishika mbele. Taa za mbele zielekezwe upya kabla ya kurudi barabarani usiku, ili usiwapofushe wanaokuja. Mwenye kutaka tairi za 235 aende milimita 50, akijua atakata bampa na atalipia gia. Kupita hapo, kwa gari fupi linalotumika pia kwenye lami, sishauri.