Mi ya Rasti Haipandishwi

Bashraf, kipande cha ala kinachofungua onyesho la taarabu, iliharibika kabla waitikiaji hawajafungua midomo, na aliyeiharibu ni kiongozi wa okestra mwenyewe.

Mliokuwepo mliona. Kinanda cha umeme kilitoa mi kamili, ganuni ikajibu kwa mi ya maqamu ya rasti, ile iliyoshushwa robo toni. Zikagongana. Kiongozi akainama, akamnong'oneza mpigaji ganuni, naye akapandisha mandali, vile vipande vidogo vya kubadilisha sauti ya nyuzi. Tangu hapo tulipigiwa skeli ya meja na kuambiwa ni rasti. Fidla hazikutii: vidole vya wazee wale vinaijua daraja ya tatu ilipo, vikaendelea kuishusha, na sehemu nzima ya pili okestra ikawa na mi mbili. Daraja ya saba nayo hivyo hivyo.

Kosa si la kinanda. Vingi vya siku hizi vinaweza kushushwa noti moja moja kwa senti 50. Lingefanywa hilo, ugomvi ungekwisha. Na kama hakiwezi, mpigaji huiruka noti ile, akaziachia fidla. Wapigaji kodiani wa zamani wenye sikio walijua kunyamaza penye robo. Misri walikwenda mbali zaidi, wakazirekebisha kodiani zenyewe mpaka zikatoa robo. Lakini usiku ule kinanda, mgeni, kilibaki kitandani, na ganuni, mwenyeji, ikahamia ukumbini.

Nimeshalisema na nitalisema tena: ugonjwa huu unaanzia darasani. Nadharia inafundishwa kwa kinanda na mistari mitano, mwanafunzi anatoka akiamini kwamba sauti isiyo na kitufe chake imepotoka. Nadharia ya Kiarabu ina robo 24 ndani ya okteva, na hata hizo hazikumaliza ubishi: mwaka 1932 wanazuoni na wapigaji walikutana Cairo wakavutana juu ya vipimo vya ngazi. Mi ya rasti ya Mturuki iko juu kidogo kuliko ya Mmisri, na zote mbili ni rasti. Sikio lilitangulia, kipimo kikafuata.



Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alipokwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, nyuma yake palikuwa na udi na fidla, vyombo ambavyo kidole ndicho kinachotafuta sauti. Hakuna aliyeipandisha mi ili ilingane na mashine.

Kiongozi, onyesho lijalo, kabla pazia halijafunguliwa, rekebisha kinanda kifuate ganuni. Kikishindwa, kizime mpaka rasti iishe.