Walimu na Uchaguzi wa Kozi za Hiari

Tangu 1985, Kiswahili kilipofanywa somo la lazima la kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya, mwalimu arudiye chuoni kusomea shahada ya uzamili amezoea kuzipima kozi za hiari kwa kipimo cha mtihani wa wanafunzi wake. Huchagua riwaya na tamthilia. Tenzi za kale zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu huziacha. Uchaguzi huu una kasoro. Nadharia ya riwaya mtu aweza kujisomea peke yake. Miswada je? Humo herufi ya *be* mara nyingi husimama badala ya b, p na hata mb, nazo e na i huonyeshwa kwa alama moja. Neno lile lile laweza kuwa bata, pata au mbata! Mwamuzi ni msomaji ajuaye Kiamu, ajuaye kuwa mato ni macho na nti ni nchi. Na ujuzi huo hupatikana kando ya mwalimu. *Utendi wa Mwana Kupona*, uliotungwa 1858, wengi wetu twausoma kwa herufi za Kirumi tu, yaani twamfuata mhariri pasipo uwezo wa kumhoji. Idara nazo hazikosi lawama: kozi isiyo na wanafunzi wa kutosha hufutwa, na aifundishaye akistaafu hapana wa kumrithi.