Kapteni Alex Anakufa Mapema

Katika vibanda vya video vya Busia, mji wa mpakani mwa Kenya na Uganda, kanuni ya kwanza ya filamu ya bunduki ni kwamba steringi hafi. Akitandikwa ataamka, akitupwa mtoni ataibuka, na adui mkuu hana budi kumngoja hadi dakika za mwisho. Mtu hulipa kiingilio akijua hivyo. Who Killed Captain Alex?, filamu ya mwaka 2010 kutoka Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Kampala, inaivunja kanuni hiyo mchana kweupe. Kapteni mwenyewe, ambaye jina lake ndilo limebandikwa juu ya filamu, anakutwa amekufa kabla hadithi haijakolea. Muuaji hatumwoni. Majambazi wa Tiger Mafia waliotumwa kumkamata wanafika na kukuta kuna aliyewatangulia. Kisha anaingia ndugu wa kapteni, Bruce U, bingwa wa kung fu, akitaka kisasi. Risasi zinamiminika, helikopta inaitandika Kampala kwa mabomu, nchi nzima inawekwa chini ya amri ya jeshi, na baada ya dakika 64 filamu imekwisha. Swali lililoulizwa kwenye jina halijajibiwa, wala hakuna aliyehangaika kulijibu.

Ukiipima kwa vipimo vya hadithi ya upelelezi, filamu hii inaanguka mtihani wote. Hakuna ushahidi unaokusanywa, hakuna shahidi anayehojiwa, hakuna mshukiwa anayebanwa mpaka ajichanganye. Picha ina ukungu, sauti inapanda na kushuka, moto wa milipuko umebandikwa juu ya majengo ambayo hayaungui. Yote hayo ni kweli, na bado mimi naipenda filamu hii kwa dhati na kila ikiwekwa naketi kuitazama mpaka mwisho. Wengi walioisifia kutoka mbali wamesema raha yake ni kuchekelea ubovu wake. Sikubaliani nao. Ukiifungua uone ilivyoundwa, utakuta raha hiyo imetengenezwa na watu waliojua wanachofanya, na sisi tunaoishi mpakani tuna masikio yaliyozoea kuipokea.

Tuanze na aliyeitengeneza. Isaac Nabwana, anayejulikana kama Nabwana I.G.G., alikuwa mfyatua matofali. Kompyuta alijifunza kwa muda mfupi, na mengine akayatafuta mwenyewe. Kampuni yake, Ramon Film Productions, aliianzisha mwaka 2005 nyumbani kwake, na ua wa nyumba hiyo ndio uwanja wa kupigia picha, karakana na chumba cha mapambo kwa pamoja. Filamu hii inasemekana iligharimu chini ya dola 200 za Marekani. Waigizaji ni majirani, na wengi walikuja wakijigharamia.

Jambo moja katika maisha ya Nabwana lina uzito kuliko yote kwa anayetaka kuelewa kazi yake. Utotoni hakuwa akienda kutazama filamu. Kaka yake ndiye aliyekwenda, kisha akarudi na kumsimulia: nani alipiga nani, gari lilirukaje, adui alikufa vipi. Kwa hiyo sinema ilimfikia kwanza kwa mdomo wa mtu, ikiwa imekwisha kupunguzwa yale yasiyosisimua na kuongezwa chumvi palipotakiwa. Mtoto aliyesimuliwa hivyo hasikii jinsi mpelelezi alivyofikia uamuzi wake wala kanzidata ya polisi ilisema nini. Anasikia mapigo. Ukitazama Captain Alex ukikumbuka hilo, mifupa ya hadithi inaonekana wazi. Filamu inakwenda kama mtu anayesimulia filamu aliyoiona jana: inaruka maelezo, inakimbilia pambano, inataja kifo kwa sentensi moja na kuendelea na safari.

Sasa tuangalie pambano lenyewe kwa karibu. Bunduki zote ni za kughushi, zimeundwa kwa mabomba na vyuma chakavu na Dauda Bisaso, fundi wa kundi hilo. Hazifyatui chochote. Kila risasi unayoiona imejengwa kwa tabaka tatu: mwigizaji ametikisa bega, kompyuta imebandika mwale mdomoni mwa mtutu, kisha mlio umeongezwa. Simamisha picha utaona kwamba mwale mara nyingine haukai sawasawa na mtutu. Lakini filamu ikiwa inakwenda, jicho halifuati mwale, linafuata bega. Na mabega ya watu wa Wakaliga hayadanganyi. Mtu anashika lile bomba kwa mikono miwili, anakunja magoti, shingo inaingia ndani, na kila mtikisiko unamrudisha nyuma kidogo kana kwamba chuma kina nguvu kweli. Nimeona filamu zenye bunduki halisi ambamo mwigizaji ameshika silaha kama mwavuli. Hapa ni kinyume chake. Kilicho cha bei ndogo ni kifaa, mwili umefanya kazi yote.

Damu nayo ina historia yake. Mwanzoni walitumia damu ya ng'ombe, hadi mwigizaji mmoja akaugua kutokana nayo. Baada ya hapo wakahamia kwenye rangi ya chakula iliyotiwa ndani ya kondomu na kufichwa chini ya shati, ipasuke mtu anapopigwa. Ni ufumbuzi wa kiufundi wa hali ya juu: rahisi, salama, na rangi inaruka kwa nguvu inayoaminika.

Helikopta ndiyo inayowachekesha wengi, na nakiri ni kazi ya kompyuta ambayo haikujaribu kujificha. Hapo nadhani Nabwana alizidiwa na vifaa vyake, maana maghorofa ya Kampala yanalipuka yote kwa mlipuko mmoja uleule, na mara ya nne hausisimui tena. Vilevile sehemu za mazungumzo kambini ni ndefu, na sauti inasikika kutoka mbali kana kwamba wasemaji wako chumba cha pili. Hizi ni kasoro za kweli. Mtu akiniambia alisinzia hapo, sitabishana naye.

Ila pale pale, mahali ambapo filamu ingekufa, ndipo anapoingia VJ Emmie.

Ugandani VJ ni yule anayesimulia filamu juu ya filamu. Kazi hiyo ilianza kwenye vibanda vya Kampala kwa kutafsiri filamu za Marekani, Hong Kong na India kwa Kiganda, na majina kama VJ Jingo yakawa makubwa kuliko ya waigizaji wenyewe. Kenya tunaye DJ Afro, ambaye sauti yake ya Kiswahili imepita katika matatu, vinyozi na baa za nchi nzima. Dar es Salaam walikuwa naye Lufufu. Hao wote walichukua filamu ya mgeni iliyokwisha kukamilika wakaifanya ya nyumbani. Emmie alifanya jambo jingine. Alisimulia filamu iliyotengenezwa na watu waliokulia ndani ya utamaduni huohuo wa kusimuliwa, na hivyo filamu ina nafasi tayari kwa ajili yake.

Sikiliza anavyoingia. Kabla ya pambano anakutangazia kwamba pambano linakuja, akikuambia ujiandae, na ule uwanja mtupu wenye vumbi na watu wanne unakuwa uwanja wa vita kabla hata risasi ya kwanza haijalia. Mhusika akitokea bila kutambulishwa, Emmie anamtambulisha, na mara nyingi anampa sifa ambazo hati ya filamu haikumpa. Mazungumzo yakififia, sauti yake inajaa pale pale, anasema yake, anacheka, anaitangaza filamu hiyohiyo unayoitazama. Mtu akifa anampigia kelele za kumuaga. Na jambo ambalo naliona ni la kifundi zaidi ya yote: karibu kila mara ananyamaza pigo linapotua. Anapanda nalo, anapanda, kisha anakuachia usikie teke. Hiyo si bahati. Mtu aliyewahi kushika maikrofoni mbele ya umati uliolipa anajua kwamba ukizungumza juu ya teke umeliua.

Kwa hiyo lile pengo la hadithi ya upelelezi lina mtu wa kulijaza. Kukosekana kwa muuaji hakukusumbui kwa sababu kuna sauti inayoshangaa pamoja nawe. Emmie hajifanyi anajua nani alimuua Alex. Anauliza kama unavyouliza, anaendelea mbele kama unavyoendelea. Ondoa sauti hiyo na ubaki na picha tupu, utakuwa na kazi ya wanafunzi wenye bidii. Na huwezi kuiondoa. Kompyuta ya Nabwana haikuwa na nafasi ya kuhifadhi filamu nyingi. Ilipokamilika moja, mafaili yalifutwa kupisha nyingine. Nakala safi ya Captain Alex ilipotea hivyo. Iliyowekwa mtandaoni mwaka 2015 na kuonekana na mamilioni imetokana na nakala ya ubora wa chini, ikiwa na sauti ya Emmie juu yake, zaidi kwa Kiingereza. Wasomi wa sinema husikitikia asili iliyopotea. Mimi naona kilichobaki ndicho kilichokamilika.

Sasa nije Busia. Ukiketi kwenye kibanda upande wetu, hatua chache kutoka kituo cha pamoja cha mpaka kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018, utakuta benchi moja lina Msamia wa Kenya na binamu yake wa Uganda, Mteso aliyeshuka kutoka Malaba, kijana wa bodaboda ambaye amevuka mpaka tangu asubuhi, na dereva wa trela anayengoja karatasi zake. Kiswahili kinawaunganisha wote, Kiganda wengi wanakisikia, na Kiingereza cha filamu kila mtu anashika kiasi chake. Filamu ya VJ ikiwekwa hapo, tafsiri haiishii kwenye spika. Mmoja anamgeukia mwenzake na kumpa kwa Kisamia alichosema Emmie, wa nyuma anaongeza lake kwa Kiateso, na mzee mmoja anawatuliza: "Nyie vijana, tuacheni tusikie." Dakika mbili baadaye ni yeye anayesimulia.

Hapa ndipo naona kwa nini kasoro za filamu zina kazi. Filamu iliyofungwa vizuri, yenye kila jibu na kila sauti mahali pake, haimwachii mtu wa benchi la nyuma pa kutia neno. Captain Alex imejaa milango iliyo wazi. Mwigizaji anaondoka katika tukio na hatumwoni tena, basi mtu kibandani anaeleza alikokwenda. Kapteni amekufa, basi kibanda kizima kinageuka kituo cha polisi. Nimesikia hoja zikijengwa kwa uangalifu ambao filamu yenyewe haikuufikia: kwamba ni mmoja wa wanajeshi wake, kwa kuwa hema alimokutwa lilikuwa na walinzi, kwamba ni mwanamke mmoja wa kwenye filamu, kwamba ni mkubwa wa jeshi aliyekula fedha za Tiger Mafia. "Bosi, hapa mpakani nani asiyejua hiyo?" dereva mmoja wa Malaba aliuliza juu ya hoja hiyo ya mwisho, na hakuna aliyempinga.

Neno lake lina mizizi. Huu ni mpaka ambao wazee wake wanaikumbuka kahawa ya Uganda ikivushwa usiku enzi za Idi Amin, mwaka 1976 na 1977, bei ya dunia ilipopanda baada ya baridi kali kuangamiza mibuni ya Brazil. Kulikuwa na fedha nyingi, kulikuwa na watu waliopotea, na maswali mengi ya wakati ule hayajajibiwa hadi leo. Mtu aliyekulia karibu na njia za panya hashangazwi na mauaji yasiyo na muuaji. Tamthilia nyingi za uhalifu tunazoletewa kwenye runinga, zenye maabara na mpelelezi anayefumbua kila kitu kabla ya taarifa ya habari, ndizo zinazomwomba aamini mambo mazito. Wakaliga walimwonyesha kitu anachokifahamu, wakakitia kung fu.

Kuna biashara pia nyuma ya haraka ya filamu hii. Waigizaji wa Wakaliga ndio waliouza diski mitaani, mlango kwa mlango, wakigawana mapato, na walikuwa na kama wiki moja kabla wanaonakili hawajajaza soko. Filamu ya namna hiyo haiwezi kungoja taa nzuri au hati iliyosahihishwa mara tano. Nabwana hakutarajia ivuke mtaa wake. Kionjo chake kilipofika New York, Mmarekani aitwaye Alan Hofmanis alikiona mwaka 2011, akapanda ndege kuja kuwatafuta, na baadaye akahamia Wakaliga na kuigiza nao. Filamu yao ya baadaye, Bad Black ya mwaka 2016, imetengenezwa vizuri zaidi, ina hadithi inayoshikana mwanzo hadi mwisho, na Emmie amekomaa kiasi kwamba anaingia kama mhusika. Ni filamu bora. Ila bado kibandani nasikia watu wakiomba ile ya kapteni.

Kinachonikereketa ni kwamba bado sijaisikia ikisimuliwa kwa Kiateso wala Kisamia. Vifaa vinavyohitajika vipo katika kila duka la kurekodi nyimbo za harusi Busia: maikrofoni, mikisa ndogo na kompyuta. Ugumu ni ule wa nakala iliyopotea. Sauti ya Emmie imeshikana na milio na maneno ya waigizaji, haitenganishiki, na msimulizi mpya akiishusha chini anashusha na risasi. Njia ninayoiona ni kumwacha Emmie alipo. Msimulizi wa Malaba aingie anapovuta pumzi, amjibu, ambishie, ampe majina ya watu wa huku, na kapteni atakapokutwa hemani amwambie kwa Kiateso ni nani anayemshuku.