Visu Vingine Viwili

Mara ya kwanza niliisoma Crónica de una muerte anunciada kama wengi tunavyoisoma, habari ya kudra. Gabriel García Márquez anakuambia mwanzoni kabisa kwamba Santiago Nasar atauawa, kisha anakukalisha utazame bahati mbaya zikipangana moja baada ya nyingine. Mara hii nimeisoma (kwa Kiingereza cha Gregory Rabassa, Kihispania sina) nikiwa na kinyongo nayo kidogo.

Kisa chenyewe hakina mzunguko. Katika mji mdogo wa Kolombia, Ángela Vicario anaolewa kwa harusi ya kutikisa mji, na usiku huohuo bwana harusi anamrudisha kwao, eti hakumkuta bikira. Anabanwa amtaje mwanamume, anamtaja Santiago. Kaka zake mapacha, Pedro na Pablo, wachinja nguruwe, wanachukua visu vya kazini na kwenda kuvinoa sokoni.

Sasa, hapo sokoni ndipo riwaya ilipo. Mapacha hawajifichi. Wanawaambia watu waziwazi kwamba wanakwenda kumuua Santiago Nasar. Watu 22 walikuja kukiri kwamba waliwasikia, na wote waliona kama vijana wale walikuwa wanasema ili wasikike. Jamani, muuaji anayejitangaza kwa wauza nyama na kwa muuza maziwa anatafuta nini kama si mtu wa kumzuia? Mji ukajibu: pombe hizo.

Meya, Kanali Lázaro Aponte, angalau alifanya kitu. Aliwafuata dukani, akawanyang'anya visu, akawaambia wakalale. Kwake kazi ikawa imekwisha. Clotilde Armenta, mwenye duka la maziwa, alitaka wawekwe ndani, na sababu yake ndiyo iliyonisimamisha: alitaka vijana wenyewe watuliwe ule mzigo. Kanali hakumwelewa. Mapacha wakaenda kwao, wakarudi na visu vingine viwili. Kanali alipoambiwa tena aliahidi kushughulikia, ila akapitia kwanza klabu kuhakikisha miadi yake ya dhumna. Alipotoka, mtu ameshauawa.

Kila anayeamini kwamba silaha ikikamatwa mambo yameisha angesoma kurasa hizo. Kisu si bunduki, kila jiko linacho. Tena Márquez anatupa jambo ambalo wasomaji wengi hulipita: Pedro, aliyeamua kuua, aliona wajibu wake umetimia pale aliponyang'anywa kisu. Alikuwa amepata njia ya kurudi nyumbani bila aibu. Pablo ndiye aliyemkokota tena. Na Pablo alikuwa na mchumba, Prudencia Cotes, aliyesema baadaye kwamba asingeolewa naye kama asingefanya linalompasa mwanamume. Wakiwa njiani kwenda kuua walipita kwao, wakanywa kahawa!

Kinyongo changu kinaanzia hapa. Barua inasukumwa chini ya mlango na hakuna anayeiona. Askofu anapita na meli wala hashuki. Mama anaukomea mlango akidhani mwanawe yumo ndani. Usimulizi unanoga mpaka msomaji anashusha pumzi na kusema, basi, ilikuwa imeandikwa. Mbona haikuwa imeandikwa? Bahati mbaya zile ni chache kuliko watu waliojua wakaona si kazi yao. Ushahidi wote kauweka mwandishi mwenyewe, lakini utamu wa kalamu yake unawapa wale watu msamaha ambao mimi nisingewapa.

Polisi wa Glasgow, kule Uskoti, walipoanzisha kitengo cha kupunguza ukatili mwaka 2005, waliutazama mji wao kwa jicho la Clotilde. Hawakutegemea kamatakamata peke yake. Walianza kuyachukulia mambo ya visu kama maradhi yanayoambukizwa. Baadaye watu waliowahi kuishi maisha hayohayo wakawa wanakaa na majeruhi hospitalini, saa ileile ambayo kijana anaweza kuwa anapanga kulipiza.

Nina sababu ya kuwa mkali. Miaka iliyopita, kwenye kijiwe cha kahawa mtaani kwetu, kijana mmoja alitutangazia kwamba atamchoma kisu mwenzake kwa deni la pikipiki. Alirudia mara tatu. Tulikuwa watu saba au wanane. Mimi ndiye niliyesema, "Mwacheni, huyo ana mdomo tu." Wakacheka, tukaendelea na habari za mpira. Aliyechomwa alipona, ila mkono wa kushoto hauinuki sawasawa. Aliyechoma sijamtia machoni tangu siku hiyo. Ile mara ya tatu, sijui alikuwa anamwambia nani kati yetu.

Ndiyo maana siku hizi nikiifungua riwaya hii huwa naanzia karibu na mwisho. Clotilde anamkamata Pedro shati na kumpigia Santiago kelele akimbie. Pedro anamwangusha chini. Watu wamejaa uwanjani, wanatazama.