Maktaba ya ngamia Garissa: hesabu iliyovifanya vitabu virudi

Wapigapicha wanaofuata maktaba ya ngamia ya Garissa huondoka na picha ileile: ngamia amesimama, sanduku limening'inia ubavuni, watoto wamemzunguka wakicheka. Picha nzuri, ila haielezi chochote. Ngamia wa kubeba mizigo si habari mpya kaskazini mashariki mwa Kenya. Anabeba maji, anabeba kuni, anabeba nyumba nzima ya mikeka na miti familia inapohama. Swali la mtu anayetaka kujua kazi ilivyofanyika ni hili: vitabu vya serikali vilitokaje rafuni, vikafika kwa wafugaji wasiokaa mahali pamoja, kisha vikarudi?

Huduma hiyo ilianzishwa na shirika la maktaba za taifa la Kenya, KNLS, tarehe 14 Oktoba 1996, kwa ngamia watatu. KNLS liliundwa kwa sheria ya mwaka 1965, na kwa miaka mingi maktaba kwake ilikuwa jengo: msomaji aende. Jibu rahisi la kuwafikia wafugaji lingekuwa gari, lakini gari huko hukwama kwenye mchanga wakati wa kiangazi na kwenye tope mvua zikinyesha. Pia linahitaji mafuta, ambayo ndiyo kasma ya kwanza kukatwa bajeti ikibana. Ngamia hula vichaka vya njiani.

Msafara mmoja ni ngamia watatu. Mmoja hubeba masanduku mawili ya mbao, kila moja lina vitabu 200. Wa pili hubeba hema. Wa tatu ni wa vifaa vilivyosalia, na ni akiba mwenziwe akichechemea. Mkutubi, wasaidizi wake na mchunga ngamia hutembea nao.

Tupige hesabu. Kitabu chembamba cha hadithi kina uzito wa gramu 250 hivi. Vitabu 200 ni kilo 50, kwa hiyo masanduku mawili ni kilo 100, na bado hujaweka mbao. Ngamia mzima aliyeshiba hubeba kilo 150 hadi 200 bila taabu. Uzito basi si tatizo. Tatizo ni mizani. Masanduku yakizidiana, tandiko huteleza, mgongo huchubuka, na ngamia mwenye kidonda hakubali kupakiwa. Sasa fikiria kituo cha kwanza: watoto wameazima vitabu hamsini, na thelathini kati ya hivyo vimetoka sanduku la kulia. Kabla ya ngamia kuinuka, vilivyobaki lazima vigawanywe upya. Mkutubi huyu anapanga vitabu kwa mada na kwa kilo. Sijui chuo kinachofundisha somo hilo.

Jambo la pili, na kwangu ndilo kubwa, ni ratiba. Kitabu huazimwa kwa siku 14, kisha msafara hurudi palepale. Hapa ndipo miradi mingi ya vitabu vya msaada huanguka: shehena inafika, picha zinapigwa, vitabu vinafungiwa kwenye kabati la mwalimu mkuu visije vikachafuka. Siku 14 zinabadilisha tabia ya msomaji. Anajua kitabu kitaondoka, kwa hiyo anakisoma. Anajua kingine kinakuja, kwa hiyo hakifichi. Na kwa kuwa nyumbani kuna dada, binamu na jirani, kitabu kimoja hupita mikono kadhaa kabla ya siku ya kukirudisha, na atakayekuja hemani kuchagua kingine ameshaambiwa na wenzake kipi kitamu.

Kupeana sifa za kitabu namna hiyo si jambo geni kwa Wasomali, ambao ndio wengi wa wafugaji hawa. Lugha yao ilipata maandishi rasmi ya herufi za Kilatini mwaka 1972 tu, lakini mashairi yao yalikuwa yamesafiri kwa karne nyingi kwa midomo ya watu walioyahifadhi neno kwa neno. Anayeghani alitakiwa kumtaja mtunzi kwanza. Ukilipenda shairi, ulilibeba kichwani hadi kisima kingine, ukalitoa pamoja na jina la mwenyewe. Ratiba ya siku 14 ilikuta watu waliokwisha kuzoea kazi hiyo.

Penye udhaifu tuseme. Nafasi 400 kwa msafara ni chache, na vitabu vya kiada huzila upesi kwa sababu shule zinavidai. Mzazi naye anataka mtoto apite mtihani, huwezi kumlaumu. Lakini kitabu cha mtihani hakimtumi mtoto kuandika chake. Hadithi ndiyo inayomtuma, hasa ile anayoona ndani yake watu wanaofanana na wa kwao. Mtoto wa Garissa anaongea Kisomali nyumbani, anasoma Kiarabu duksi (chuo cha Qurani), anakutana na Kiingereza na Kiswahili shuleni. Hata Nuruddin Farah, mwandishi Msomali anayejulikana zaidi duniani, alitoa riwaya yake ya kwanza kwa Kiingereza mwaka 1970, miaka miwili kabla ya lugha yake kupata herufi rasmi. Leo herufi zipo. Hadithi za Kisomali zikikosekana sandukuni, hilo ni suala la nani anachagua.

Kwamba kusoma kunazaa waandishi hata mahali pakavu namna hiyo, ushahidi uko kwenye kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Asad Hussein alizaliwa kambini humo, wazazi wake wakiwa wakimbizi wa Kisomali, akakua akisoma vitabu alivyovipata kambini. Mwaka 2016 jarida la New York Times lilichapisha makala yake, na mwaka 2018 akapata nafasi Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani. Maktaba ya ngamia yenyewe nayo imezaa riwaya, ila mwandishi wake ni Mmarekani, Masha Hamilton, aliyeichapisha mwaka 2007. Ningependa inayofuata iandikwe na mmoja wa watoto wanaochagua vitabu hemani.

Sasa tuulize: je, msafara huu unaweza kufika Liboi? Mji huu uko kabla tu ya mpaka wa Somalia, unaelekeana na Dhobley, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulipokea maelfu ya wakimbizi. Kutoka Garissa hadi Dadaab pekee ni kama kilomita 100, na Liboi iko mbele zaidi. Ngamia aliyepakiwa huenda kilomita nne au tano kwa saa. Kwenda na kurudi kungemeza sehemu kubwa ya siku 14 za kuazima. Barabara nayo imetegwa mabomu mara nyingi tangu majeshi ya Kenya yalipoingia Somalia Oktoba 2011. Msafara wa kutoka Garissa hauwezi, na tusijidanganye kwamba ngamia wengi zaidi ndio dawa.

Dawa imeshajaribiwa: mji wa Wajir ulipewa kituo chake, na ngamia wake. Pakistan walianza kwa udogo zaidi. Mwaka 2020, shule zikiwa zimefungwa kwa korona, ngamia mmoja aitwaye Roshan alianza kupeleka vitabu katika vijiji vya Mand, Balochistan. Liboi ina ngamia, ina wachungaji na ina walimu. Kinachotakiwa kutoka Garissa ni masanduku mawili, mtu mmoja aliyefundishwa kutunza daftari la kuazima, na lori la kubadilisha vitabu kila muhula, likisafiri pamoja na misafara yenye ulinzi. Serikali ya Kaunti ya Garissa na KNLS waliweke hilo kwenye bajeti ijayo, na sandukuni waanze na hadithi za Kisomali.