Kabureta Inayomwaga Mafuta: Uliza Saa Kabla ya Kushika Spana

Jenereta ndogo ya petroli ikianza kumwaga mafuta, ushauri wa kijiweni huwa mmoja: nunua kabureta mpya. Ushauri huo una mvuto wake. Kabureta za injini ndogo za Kichina zimejaa madukani, na kuifungua ya zamani ni kazi ya nati mbili tu. Shida huja pale kabureta mpya nayo inapoanza kumwaga. Hapo mwenye mali hana tena cha kulaumu, na fundi aliyemshauri huanza kuisema petroli.

Ndivyo ilivyokuwa kwa jenereta ya gari moja la matangazo linalozunguka minada ya mkoa wa Singida. Ni jenereta ya kawaida ya mipigo minne, injini yake imenakiliwa kutoka Honda GX200 ya sentimita za ujazo 196, na imefungwa kwa boliti nyuma ya pikapu ili iendeshe amplifaya na spika. Malalamiko ya dereva yalikuwa haya: asubuhi mjini inawaka bila kusumbua, lakini ikifika mnadani haitaki. Kamba inavutwa mpaka mkono unachoka, chujio la hewa linanuka petroli, plagi ikifunguliwa inatoka imelowa chapachapa. Ikikubali kuwaka, inatoa moshi mzito kwa muda, kisha inatulia. Kabureta ilikuwa imeshabadilishwa.

Fundi aliyeipokea hakuanza na kabureta. Alianza na swali: inamwaga wakati gani?

Ili kuona uzito wa swali hilo, tutazame kwanza petroli inavyosafiri. Kwenye jenereta nyingi za aina hii hakuna pampu ya mafuta. Tangi liko juu, kabureta iko chini, na petroli hushuka kwa uzito wake yenyewe kupitia koki. Kinachoizuia isifurike ni vitu viwili vidogo ndani ya kabureta: boya na sindano. Petroli ikipanda kwenye kikombe cha kabureta, boya hupanda nayo na kuisukuma sindano izibe tundu la kuingilia. Ikipungua, boya hushuka na tundu hufunguka. Ni kazi ileile ya boya la simtanki, ila hapa vipimo ni vya milimita. Kwenye Honda GX160 na GX200, kimo cha boya ni milimita 13.7. Kikipotea kidogo tu, petroli hufika kwenye mdomo wa kijibomba kinachoinyunyizia kwenye koo la kabureta.

Ikishafika hapo haingoji injini iwashwe. Huchuruzika yenyewe. Nyingine hurudi kwenye chujio la hewa, nyingine huingia kwenye silinda ikiwa valvu ya kuingiza imesimama wazi. Kutoka kwenye silinda hupenya pembeni mwa ringi za pistoni na kushuka kwenye oili. Injini ya ukubwa huu hubeba kama lita 0.6 tu za oili, kwa hiyo nusu glasi ya petroli inatosha kuifanya nyepesi kama maji. Hapo ndipo hasara ya kweli ilipo. Plagi iliyolowa hukupotezea siku tu. Oili iliyochanganyika na petroli hula metali na pistoni.

Sasa saa. Kabureta inayomwaga injini ikiwa imezimwa na imesimama mahali pamoja ina kasoro kwenye sindano, kwenye kiti cha sindano au kwenye boya. Huenda kuna punje ya uchafu, ncha ya sindano imelika, petroli ya zamani imeacha utando wa gundi, au boya limetoboka na kunywa mafuta.

Injini inayotoa moshi mweusi na kulowesha plagi wakati inafanya kazi tu ni jambo jingine. Hapo petroli haikufurika. Hewa ndiyo imepungua. Chanzo huwa chujio lililojaa vumbi, au choki iliyokwama nusu. Singida inaongeza sababu ya tatu, nayo ni mwinuko. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 15. Jeti, yaani kitundu kinachopima petroli ndani ya kabureta, ikiwa imetobolewa kwa hewa ya pwani inaendelea kutoa mafuta mengi kuliko hewa inayoingia. Miongozo ya injini ndogo za Honda inasema nguvu hupungua kwa asilimia 3.5 hivi kwa kila mita 300 za kupanda. Kwa hesabu hiyo, jenereta ya wati 2,000 ikifika Singida hubaki na wati 1,650 au zaidi kidogo, na anayeilazimisha kubeba mzigo wa pwani asishangae ikitoa moshi. Lakini mwinuko una tabia moja inayoutofautisha na kasoro: hauanzi ghafla. Jenereta inayosumbuliwa na mwinuko ilisumbua tangu siku ilipotolewa kwenye boksi.

Kundi la tatu ni injini inayolowa wakati wa kuwasha tu. Hiyo mara nyingi ni mkono wa mtu: choki imefungwa, kamba imevutwa mara nyingi, hakuna aliyekumbuka kuifungua choki injini ilipotaka kushika.

Jenereta ya gari la matangazo haikuingia sawasawa kwenye kundi lolote. Usiku kucha nyumbani haikumwaga, maana asubuhi iliwaka vizuri. Mnadani ikishatulia haikutoa moshi mweusi. Ilikuwa inalowa katikati, saa ambazo hakuna mtu aliyeitazama: njiani.

Fundi hakuridhika na maelezo ya mdomo, akapima. Kwanza alichomoa kijiti cha oili. Kiwango kilikuwa juu ya alama, na oili ilinuka petroli. Kabla ya jambo jingine lolote oili ile ikamwagwa, kwa sababu kuiwasha injini katika hali hiyo ni kuisaga kwa makusudi. Kisha akaifungua kabureta na kuigeuza juu chini, boya likalala kwa uzito wake na kuibana sindano. Akachomeka mpira safi kwenye tundu la kuingilia mafuta na kupuliza taratibu kwa mdomo. Hewa haikupita. Akaliinua boya kwa kidole, hewa ikapita. Kipimo hiki hakina gharama, na ndicho kinachosema kama sindano inaziba au haizibi. Hii iliziba.

Akalizamisha boya kwenye maji ya moto. Boya lililotoboka hutoa mapovu, kwa kuwa joto huisukuma nje hewa iliyomo ndani. Hili halikutoa. Ncha ya sindano ilikuwa nyororo, bila ule mduara unaochongwa na kiti kwa kukaa muda mrefu. Kwa maneno mengine, kabureta iliyokuwa inatuhumiwa ilikuwa nzima, na huenda hata ile iliyotupwa ilikuwa nzima pia.

Ikarudishwa mahali pake, na kipimo cha mwisho kikafanyika ikiwa imefungwa. Alivalisha mpira mwembamba unaoonyesha kilichomo ndani kwenye tundu la kumwagia mafuta chini ya kikombe, akaupandisha wima pembeni mwa kabureta, akalegeza skrubu na kufungua koki. Petroli ilipanda ndani ya mpira hadi usawa wa ndani ya kikombe, ikasimama. Akasubiri, haikusogea. Ndipo akapanda juu ya pikapu na kuanza kuitikisa bodi. Kila mtikiso mkali ulilirusha boya, sindano ikaachia kidogo, na petroli ikaingia. Kiwango kwenye mpira kikaanza kupanda.

Mafumbo yakafunguka. Jenereta ile ilikuwa imefungwa kwa boliti moja kwa moja kwenye bati la pikapu, bila mpira wa kuzuia mtikiso, na koki ilikuwa haifungwi kamwe. Kwenye lami ya kutoka Singida kwenda Ikungi na Manyoni haikuwa na neno. Lakini gari likishaingia barabara za vumbi za Mkalama, au likishuka Sekenke kuelekea Shelui likiwa limeinamisha pua, boya hupoteza usawa wake. Tone moja kwa kila shimo si kitu. Matone ya saa mbili za rasta ni silinda iliyolowa. Kabureta hizi zimetengenezwa zifanye kazi zikiwa zimetulia mahali palipo sawa. Ya pikipiki imepangwa kwa barabara. Hii haikupangwa hivyo.

Kulikuwa na jambo la pili, na lilitoka kwenye neno la pembeni la dereva. Alisema kwamba mchana jenereta hukata kama iliyoishiwa, na akilegeza mfuniko wa tangi inawaka tena. Mafundi wengi wangeliweka neno hilo kando, kwa sababu kukosa mafuta ni kinyume cha kumwaga mafuta. Kumbe kitu kimoja kilichangia yote mawili. Mfuniko wa tangi una kitundu cha kupumulia, na vumbi la barabarani lilikuwa limekiziba karibu chote. Injini ikifanya kazi, tangi lilishindwa kuvuta hewa ya kuchukua nafasi ya petroli iliyotoka, mafuta yakagoma kushuka. Gari likiwa njiani juani, injini imezimwa, mvuke wa petroli ulijaa ndani ya tangi bila pa kutokea, ukaisukuma petroli kwa nguvu dhidi ya sindano ambayo tayari ilikuwa inarukaruka.

Hapa fundi alifanya jambo ambalo gereji nyingi hulikwepa kwa haraka ya kumaliza kazi: alitibu kimoja kimoja. Oili mpya ikawekwa, plagi ikakaushwa na kusafishwa kwa brashi, nafasi yake ikapimwa kati ya milimita 0.7 na 0.8. Safari iliyofuata koki ilifungwa kabla ya kuondoka, mfuniko ukaachwa kama ulivyo. Mnadani plagi ilikuwa kavu na injini ikawaka bila moshi, lakini mchana ikakata kama kawaida yake. Ndipo mfuniko ukasafishwa, na kukata kukaisha. Kama yote mawili yangefanywa kwa mpigo, jenereta ingepona, lakini hakuna ambaye angejua ni dawa ipi iliyoponya nini. Baadaye mipira ikawekwa chini ya fremu, na oili ikabadilishwa tena mapema kuondoa mabaki ya petroli.

Kwa anayekutwa na hali hii mbali na gereji, utaratibu ni mfupi. Funga koki. Zima swichi. Fungua plagi na uvute kamba mara kadhaa ili petroli itoke kwenye silinda, ukisimama mbali na tundu la plagi na mbali na sigara, jiko au moto wa nyama choma. Kausha plagi kwa kitambaa. Tabia ya kuichoma motoni inaweza kupasua kauri yake, na kuwasha moto penye mvuke wa petroli ni kutafuta msiba. Tazama oili: ikiwa imepanda au inanuka, usiwashe kabla ya kuibadilisha. Kisha rudisha plagi, fungua koki na uwashe bila choki.

Kugonga kabureta kwa mpini wa bisibisi nako kuna maana yake. Kumwaga kukikoma baada ya kugonga, sindano ilikuwa imekwama au imeshika uchafu. Hiyo ni taarifa ya kumpelekea fundi, si matibabu. Petroli ya kwenye vidumu ipitishwe kwenye chujio kabla ya kuingia tangini, maana punje moja ya mchanga kwenye kiti cha sindano inatosha.

Hesabu ya mwenye gari ilikuja kuwa hivi: alilipia kabureta ambayo haikuhitajika, na siku za minada zilizopotea zilimgharimu zaidi ya kabureta yenyewe. Kilichomponya ni koki iliyokuwepo tangu siku ya kwanza, sindano ya kushonea ya kuzibulia kitundu cha mfuniko, na vipande vinne vya mpira wa tairi. Anayebeba jenereta kwenye gari, liwe la matangazo, la watalii au la kliniki inayotembea, na aizoee kanuni hii: dakika chache kabla ya kuzima, funga koki na uiache injini ife yenyewe kwa kumaliza petroli ya kwenye kikombe. Gari linapotembea na jenereta imelala, hakuna sababu yoyote ya koki kuwa wazi.